Mwangalizi wa Bomba la Upepo

Watu wengine wakikutana nawe njiani huuliza habari za nyumbani, habari za watoto, habari za ng'ombe. Yeye aliuliza, "Unachimba?" Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake. Ukimwamkia shikamoo alijibu marahaba haraka haraka kama anafukuza nzi, kisha macho yake yakashuka hadi mikononi mwako kutazama kama umebeba jembe. Kama hukubeba jembe, alitazama kucha zako kama zina udongo. Nimewahi kumwona akimkagua padri namna hiyo hiyo, na padri mwenyewe akaficha mikono nyuma, maskini, wakati hakuwa amechimba chochote.

Jina lake silitaji kwa sababu hata wakati ule hakuna aliyelitumia. Tulimwita Bwana Bomba. Mkewe naye alimwita Bwana Bomba, ila yeye alilitamka kwa kukaza meno. Alikozaliwa sijui vizuri. Siku nyingine alisema alitoka Kituntu, siku nyingine akasema amekulia Uganda akifundishwa kazi za mabomba na mafundi wakubwa. Baadaye mtu aliyemfahamu huko alituambia kwamba kazi yake Uganda ilikuwa kuchota maji kwa debe, na kwamba bomba la kwanza alilowahi kuligusa ni hili la kwetu. Tulipomuuliza hakuona haya hata kidogo. Alisema maji na upepo ni ndugu.

Mimi niliolewa Kamuli, huku Karagwe, nikitokea upande wa Muleba. Wiki ile ile ya kwanza nilikuwa napanda maharage kati ya migomba, bi harusi mpya, nataka kuonyesha kwamba kwetu hatukulelewa kivivu. Ghafla nikasikia sauti kutoka njiani: "Simama hapo hapo! Weka jembe chini polepole, kana kwamba unalaza mtoto!" Nilidhani ni nyoka. Nilirukia kisiki cha mgomba, nikasimama juu yake nimeshika khanga kwa mikono yote miwili. Akaja mtu mfupi, mabega mapana, kofia ya jua imemfunika hadi kwenye nyusi, mkononi ana mtarimbo mwembamba mrefu kuliko yeye. Akachoma udongo hapa, akachoma pale, akainamisha kichwa kama anayeonja mchuzi. Kisha akasema, "Endelea. Bomba liko kule," akaonyesha mwisho kabisa wa kibanja, yaani shamba letu la migomba, mbali kiasi kwamba hata ningerusha jembe lisingefika.

"Sasa mbona umenitisha?" nikamuuliza.

"Nilitaka kujua kama unasikia," akasema. "Wengi wa nyumba hii hawasikii."

Nilikasirika mpaka jioni. Mume wangu aliporudi kazini nikamweleza, nikidhani atakwenda kumshika mtu huyo shati. Akacheka sana, halafu akaniambia nisimkasirikie yule, maana yeye akilala usingizi ndipo mke wa mtu anapokuwa mjane.

Kwa wasiofika kwetu miaka ile, nieleze. Ng'ambo ya kilima kulikuwa na machimbo ya bati. Bondeni, chini kidogo ya kibanja cha baba mkwe wangu, kulikuwa na kibanda chenye mashine kubwa ya kusukuma upepo. Upepo ule ulipita ndani ya bomba la chuma lililofukiwa ardhini, kina cha goti tu. Bomba lilipita pembezoni mwa vibanja vyetu, likapanda kilima, likashuka upande wa pili na kuingia ndani ya handaki walimokuwa wanatoboa mwamba. Upepo ndio ulioendesha mashine zao za kutobolea. Upepo huo huo ndio uliofukuza moshi baada ya kulipua baruti. Moshi usipofukuzwa, mtu aliye mle ndani husinzia, na akisinzia mle haamki. Mume wangu alikuwa mmoja wa watoboaji. Kwa hiyo mnaelewa kwa nini mimi, tofauti na watu wengine wa Kamuli, sikumcheka Bwana Bomba kwa sauti. Nilimcheka kimoyomoyo.

Na alikuwa anachekesha, lazima niseme. Alikuwa na tabia ya kulala kifudifudi njiani, sikio ardhini, kusikiliza kama bomba linavuja. Alisema upepo mzima hunguruma na upepo unaovuja husonya. Siku moja mama mmoja mgeni aliyetoka Mabira kuuza siagi alimkuta amelala hivyo, macho yamefumbwa, hatikisiki. Mama wa watu akatua mzigo wake akaanza kulia kilio cha msiba, kile cha kweli cha kushika kichwa. Majirani wakasikia kilio, wakaja wanalia. Mkewe akaletwa anashikiliwa huku na huku. Bwana Bomba akainua mkono mmoja, sikio bado liko chini, akasema, "Nyamazeni, sisikii." Mkewe alimpiga na kikapu. Yule mama wa Mabira naye alidai apewe chai, kwa kuwa machozi yake yamekwenda bure, na alipewa.

Jumapili alisali mara mbili. Asubuhi alikwenda kwa Wakatoliki na baada ya hapo kwa Walutheri, na mpaka leo sijui hasa alikuwa wa upande gani. Kilichompeleka ni matangazo. Baada ya matangazo ya ndoa na ya wagonjwa alisimama na mtarimbo wake akatangaza masharti ya kuchimba. Kwanza, kabla ya kuchimba umwite. Pili, karibu na bomba hakuna sururu, hakuna jembe, ni mikono. Hapo aliinua mikono yake miwili juu, na watoto wote kanisani wakainua ya kwao. Tatu, ukikwaruza bomba hata kidogo, usifukie ukaondoka ukipiga mluzi, mwambie, hatakupiga. Nne, likipasuka kaa mbali, usilizibe kwa mkono wala kwa mguu wala kwa kitu chochote ulichopewa na Mungu. Watu waliyajua masharti yale kuliko sala ya kutubu. Baba mkwe wangu aliyasema hata usingizini, na bado, kama mtakavyoona, hayakumsaidia.

Tatizo lilikuwa joto. Upepo ukitoka kwenye mashine ile huwa wa moto, na ardhi iliyo juu ya bomba, hasa huku kwetu karibu na kibanda, ilikuwa vuguvugu mwaka mzima. Kuku walikuwa wanataga hapo. Na kwetu pombe ya ndizi, rubisi, huanzia shimoni. Unachimba shimo, unalipasha kwa kuchoma majani makavu, unalitandika majani ya mgomba, unapanga ndizi mbichi, unafunika na kufukia mpaka ziive. Ndipo wanaume wanazikamua kwa miguu kwenye mtumbwi wa mti. Shimo lisilopata joto vizuri huivisha ndizi upande mmoja, na rubisi yake ni ya kuwanywesha wakwe usiowapenda. Sasa hapa palikuwa na ardhi inayojipasha yenyewe, bila kuni, bila moshi, bila mtu wa kukesha. Utamzuia nani asichimbe hapo?

Bwana Bomba alijaribu kutuzuia sote. Hakuwa anakunywa tone la pombe, lakini pua yake ilikuwa ya ajabu. Aliingia kwenye sherehe, akapokea kibuyu kwa adabu, akakinusa, akasema, "Hii imeivishwa juu ya bomba." Kisha akamrudishia mwenye nyumba kibuyu na kwenda moja kwa moja hadi kwenye shimo, huku mwenye nyumba anamfuata nyuma akiapa kwa majina ya marehemu wote. Mara nyingi alikuwa sahihi. Wakati mwingine alikosea vibaya, kama siku alipofukua shimo la mjane mmoja akakuta humo ndizi hamna, kuna sufuria la marehemu mumewe alilolificha wasije shemeji zake wakalichukua. Shemeji walikuwa wamesimama pale pale. Mjane yule hakumsalimia tena maisha yake yote, na simlaumu.

Nyumbani kwake mambo yalikuwa mabaya zaidi. Bomba halikupita hata karibu na kwake, lakini yeye hakuamini ardhi yoyote ambayo hakuichoma mwenyewe kwa mtarimbo. Matokeo yake, kwa muda mrefu sana nyumba ya mwangalizi wa bomba haikuwa na choo. Kila mahali mkewe alipopendekeza, yeye alisema pachunguzwe kwanza. Mkewe alikuja kwetu kila asubuhi, amejifunga khanga vizuri, anatembea kwa heshima. Sote tulijua anakuja kufanya nini, na tulizungumza habari za mvua.

"Dada," aliniambia siku moja akitoka, "mume wako anafanya kazi chini ya ardhi, lakini angalau yeye anachimba."

Hatimaye choo kilichimbwa, na alikichimba mwenyewe kwa mikono na kijiko cha chuma. Alianza wakati wa kupanda maharage, na tulipokuwa tunapura maharage yale bado kichwa chake kilionekana.

Jambo jingine lisiloeleweka ni kwamba mtu huyu aliyeishi kwa ajili ya handaki alikuwa analiogopa handaki lenyewe kupita kiasi. Hakuwahi kuingia. Alifuata bomba mpaka mdomoni mwa handaki, akasimama hatua kadhaa nje, akalipungia mkono kama mtu anayesindikiza mgeni, akarudi. Wanaume walimtania, wakamwita aje aone mahali upepo wake unapoishia. Alijibu kwamba yeye ni mwangalizi wa nje. Mume wangu alisema siku moja walimvuta kwa utani hadi pale giza linapoanzia, na magoti yake yakagongana mpaka wakasikia. Wakamwachia, na hawakurudia tena mzaha huo.

Sasa nije kwenye milamula. Mlamula ni ule mmea mwembamba wenye majani marefu ambao kwetu hupandwa mpakani kati ya kibanja na kibanja. Bwana Bomba alitafuta alama ya kuonyesha bomba linakopita, alama ambayo kila mtu ataiheshimu, akaona hakuna inayoheshimiwa kama mlamula. Akaipanda safu ndefu juu ya bomba, kutoka kibandani hadi kilimani. Alijivunia sana. Alitembea kando yake mikono nyuma kama mtu mwenye kahawa nyingi.

Alisahau kitu kimoja ambacho kila mtoto wa Karagwe anakijua. Mlamula unaheshimiwa, ndiyo, lakini pia unatembea.

Kwetu safu ile ilipita kati ya kibanja cha baba mkwe wangu, Mkatoliki, na kibanja cha jirani yake, Mlutheri. Mpaka wao wa zamani ulikuwa na ugomvi tayari, na walipoona safu mpya iliyonyooka hivyo, kila mmoja akaamua kwamba huo ndio mpaka. Misa iliisha mapema na ibada ya Walutheri ilikuwa na nyimbo nyingi. Baba mkwe wangu akirudi kutoka kanisani alikuwa na muda wa kutosha wa kung'oa milamula na kuipanda tena hatua moja upande wa jirani, na kumwagia maji, na kuketi barazani na uso wa mtu aliyetoka kusali. Jirani naye alilipa kisasi siku za sikukuu za Kikatoliki. Lakini Jumapili ni nyingi kuliko sikukuu, kwa hiyo safu iliendelea kusogea kwa jirani taratibu. Na Bwana Bomba hakuona lolote, kwa sababu Jumapili yote alikuwa makanisani akitangaza.

Basi wifi yangu akapata mchumba. Baba mkwe alitaka rubisi ya kuzungumzwa mpaka Bukoba. Alikataa kusaidiwa. Alivaa kanzu yake, maana alisema pombe ya harusi haiandaliwi na mtu aliyevaa matambara, akaenda kuchimba shimo pale penye ardhi vuguvugu. Mimi nilikuwa karibu namenya ndizi za mchana, nikamwuliza kwa adabu, kwa jina tunalowaitia baba, "Tata, hapo si karibu na bomba?"

"Mwanangu," akasema, "huoni milamula iko kule? Mimi niko huku kwangu."

Akilini mwake, nadhani, alipohamisha mpaka bomba nalo lilihama. Alikwisha kutandika majani na kupanga ndizi upande mmoja alipoona shimo ni jembamba. Akachukua sururu alipanue.

Nilisikia mlio ambao sijausikia tena. Shimo lilicheua. Majani yalipaa, udongo ukapaa, ndizi zikaruka moja moja na nyingine kwa vichana vyao, na kichana kimoja kikamgonga kichwani jirani Mlutheri aliyekuwa amesimama nyuma ya milamula akipeleleza. Kuku walitawanyika, na mmoja alionekana kwa mwenye duka siku ya pili. Baba mkwe alitupwa chali. Alipoinuka alitazama huku na huku, akaona jirani yuko chini, akaona mimi nimeziba masikio, na badala ya kukimbia akafanya kitu ambacho nikikikumbuka mpaka leo nacheka peke yangu jikoni. Alirudi akalikalia shimo.

Alitaka kulinyamazisha. Upepo ukaingia ndani ya kanzu, kanzu ikavimba, ikawa kubwa kama nyumba ya msonge, na kichwa chake kidogo juu kabisa. Hapo ndipo Bwana Bomba alipofika, anahema, mtarimbo begani.

"Tata, inuka hapo," akasema.

"Karibu," akasema baba mkwe kwa sauti inayotetemeka na upepo. "Nimepumzika tu."

"Umepumzika, na kanzu inataka kukubeba? Inuka, jiwe likirushwa hapo litakutoboa! Sogea mbali! Msizibe, msitupe udongo!" Akamkamata mikono, akamvuta pembeni. Kisha akamgeukia jirani aliyekuwa anapapasa kichwa. "Wewe, kimbia kibandani, waambie wazime mashine." Halafu akanigeukia mimi, na uso wake ulikuwa umebadilika. "Leo wamelipua?"

"Wamelipua asubuhi," nikasema.

"Nani yuko ndani?"

Kicheko kiliniishia hapo hapo. "Mume wangu," nikasema. "Mume wangu yuko ndani."

Akaangusha mtarimbo. Mtu yule ambaye hakuwahi kuinua mguu kabla ya kuangalia anapoukanyaga alikimbia kilima kile kama mbuzi aliyefunguliwa, na mimi nyuma yake, khanga mkononi, nalia, nasali, natukana mashimo yote ya ndizi duniani. Sijui tulifikaje. Nje ya handaki palikuwa kimya. Wale wa nje walisema mashine zimesimama ghafla na wenzao watatu wa mbele kabisa wameketi kungoja upepo urudi, kama walivyozoea. Bwana Bomba akaita. Hakuna jibu. Akaita tena, mara hii kwa ukali wa kanisani, kwamba asiyetoka atatangazwa Jumapili. Hakuna jibu.

Nilimwona akilitazama lile giza. Akavua kofia, akanipa niishike, akajifunga kitambaa puani, akaingia.

Sijawahi kuchukia kitu kama nilivyoichukia ile kofia. Niliikunja, nikaikunjua, nikaiuma. Wanaume wawili waliingia nyuma yake. Kisha wakaanza kutoka wakikohoa, mmoja anaburutwa, wa pili anajikongoja. Mwisho kabisa akatoka Bwana Bomba, amemshika mume wangu sikio kama mtu anayetoa mbuzi bandani, anamvuta, na mume wangu anafuata amefumba macho, amelegea, anasema kwa sauti ya kilevi, "Niache nilale kidogo."

"Utalala kwako!" akamfokea. "Utalala kwako, mkeo yuko hapa!"

Nilimshika mume wangu nikamlaza kwenye nyasi, nikampepea kwa ile kofia mpaka akafumbua macho na kuuliza kama chakula kimeiva. Nililia kwa furaha bila aibu yoyote. Bwana Bomba alikwenda nyuma ya kichaka akatapika, akarudi, akaichukua kofia yake, akaona ilivyotafunwa, akaivaa. Lile sikio lilivimba wiki nzima, na mume wangu alilalamika juu yake kwa miaka. Nilimwambia kila mara kwamba sikio lina mwenzake.

Siku iliyofuata Bwana Bomba alikuja kwetu. Tulidhani atamshitaki baba mkwe, na baba mkwe mwenyewe alidhani hivyo, alikuwa amejifunika blanketi akisema ana homa. Bwana Bomba alichoma udongo kwa mtarimbo kutoka kwenye bomba hadi kwenye milamula, akahesabu hatua kwa sauti, akatazama safu yake nzuri, kisha akaketi chini kati ya migomba. "Ni mimi," akasema. "Nimeweka alama inayotembea." Hapo baba mkwe alitoka ndani ya blanketi akaungama yote, Jumapili kwa Jumapili, na jirani, nundu bado iko kichwani, akaungama sikukuu zake. Walikuwa karibu kugombana tena juu ya nani aliungama kwanza.

Akang'oa milamula yote akaweka mawe makubwa. Kina mama wakayaona kuwa ni mafiga mazuri, na alama zake zikaishia jikoni, mojawapo kwangu, sikatai. Tangu hapo alama ikawa yeye mwenyewe. Kila asubuhi alitembea juu ya bomba lote, kutoka kibandani mpaka mdomoni mwa handaki. Harusi ya wifi ilifanyika kwa rubisi iliyoivishwa kwa kuni, ilikuwa chungu, na watu waliinywa yote.

Miaka ikapita. Bati likaisha, au bei yake ikaisha, watu walisema hivi na vile. Mashine ikafungwa ikachukuliwa. Mume wangu akarudi kwenye kahawa, akanenepa. Bwana Bomba naye akazeeka, mgongo ukapinda, na mtarimbo ukawa fimbo ya kutembelea. Nilimwona mara chache, sokoni au kanisani, na kwa kuwa hakukuwa tena na upepo wa kulinda, hata salamu yake ilipungua. Alijibu marahaba tu, akaendelea na njia yake.

Mara ya mwisho nilipozungumza naye ni pale alipokuja mnunuzi wa chuma kutoka mbali kung'oa bomba lote. Msimamizi wake aliajiri vijana wa Kamuli wenye sururu, akamwajiri na Bwana Bomba awaonyeshe linakopita. Nilipopita na kikapu changu, vijana walikuwa wamekwisha kufukua sehemu ndefu sana, wanapiga sururu huku wanaimba. Chini kabisa, peke yake, Bwana Bomba alikuwa amepiga magoti, sururu aliyopewa imelala pembeni haina hata udongo, naye anafukua kwa vidole. Msimamizi alikuwa amesimama juu yake, amechoka kumkaripia.

"Shikamoo, Bwana Bomba," nikasema. "Humo ndani hamna upepo tena."

"Marahaba. Najua," akasema, anaendelea kuchota udongo kidogo kidogo. "Nimeambiwa."

"Sasa mbona hupigi sururu, upumzishe mgongo?"

Akanyoosha mgongo kwa shida, akatazama juu kule kilimani linakopanda bomba. "Nimejaribu," akasema. "Kila nikiinua sururu, naona mumeo yuko upande ule."

Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yangu, anatafuna muwa, tumbo mbele. "Mzee," akasema, "mimi niko hapa."

Bwana Bomba aligeuka, akamwangalia kwa muda, kuanzia miguuni mpaka kichwani.

"Nakuona," akasema. Kisha akarudi kwenye udongo wake na vidole vyake.

Vijana walicheka. Mimi nilitua kikapu changu. Mume wangu akautupa muwa, akakunja suruali, akapiga magoti upande wa pili wa bomba, akaanza kufukua kwa mikono, polepole.